Simu zilikusanywa mlangoni, video imetokaje?

Swali: Assalamu alaykum. Mwanangu aliolewa wiki iliyopita hapa Mombasa. Usiku wa kupamba tulikuwa ukumbini wanawake peke yetu, na simu zilikusanywa mlangoni. Siku ya tatu dadangu akanipigia kutoka Muscat: imemfikia video ya kama sekunde 20, mwanangu yuko jukwaani kichwa wazi, na nyuma yake wageni wanacheza. Ilianzia TikTok, sasa imo kwenye makundi ya WhatsApp. Juzi tena tukaona mpambaji ameuweka uso wa mwanangu kwenye Instagram, na bei zake chini. Mkwe wangu hajasema neno, lakini mwanangu hataki kutoka chumbani. Watu waniambia nisahau, dunia ya sasa ndiyo hii. Zaweza kuondolewa? Sheria ipo? Na nina binti mwingine wa kuolewa kabla ya Ramadhani: nisimpambe? (Mama wa Biharusi, Mombasa)

Jibu: Waalaykum salaam, mamangu. Pole sana, wewe na mwanao. Nitaanza na yale ya haraka, halafu nirudi kwa hao wanaokwambia "dunia ndiyo hii", maana nina maneno nao.

Umeyaandika mambo mawili kama ni moja. Video imetoka kwa mtu aliyeingia kama mgeni. Picha ya Instagram imetoka kwa mtu uliyemlipa. Kwa mwanao uchungu ni mmoja, lakini njia za kuyaondoa ni mbili, na hiyo ya mpambaji ndiyo nyepesi, kwa hivyo tuimalize kwanza.

Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, uso wa mwanao ni data yake, sawa na nambari ya kitambulisho chake. Kifungu cha 37 hakimruhusu mtu kutumia data ya mwenzake kibiashara bila idhini ya wazi, na picha yenye bei chini yake ni tangazo, haina jina jingine. Mpambaji atakwambia, "Lakini nilimpiga mbele yenu, na mwenyewe alikuwa akicheka." Ni kweli alicheka. Alitaka kuona wanja ulivyokaa. Kukubali kupigwa picha na kukubali kutangazwa ni vitu viwili, na kifungu cha 32 kimemtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Hata kama ilitolewa, mwanao ana haki ya kuiondoa.

Mwandikieni leo. Msimpigie, andikeni, ili kitu kibaki. Mistari minne yatosha: picha ni ipi, iliwekwa lini, hatukuridhia itangazwe, na twataka iondolewe kwenye ukurasa, kwenye status, kwenye simu yako na ya msaidizi wako kufikia kesho jioni. Matusi yaweke kando hata yakikujaa mdomoni. Wapambaji niliopata kuwaandikia kwa niaba ya watu, wengi waliondoa kabla jua halijatua, kwa sababu biashara yao ni jina, na jina lao limo midomoni mwa kina mama kama wewe. Barua hiyo itoke kwa jina la mwanao. Yeye ni mtu mzima, idhini ilikuwa yake, si yako wala ya mumewe. Nimeona pia kwamba biharusi akishika kalamu mwenyewe, chumbani hakumuwezi tena.

Mpambaji akikaidi, iko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko hupokelewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria yaitaka ofisi iyamalize ndani ya siku 90. Usidhani ni ofisi ya kushughulika na mabenki tu. Septemba 2023 iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekwenda pale kujiburudisha, bila idhini yake. Roma School ikatozwa Sh4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Na kifungu cha 65 kinampa aliyeumizwa haki ya kudai fidia hata kama hakupoteza shilingi: dhiki ya moyo imetajwa humo.

Sasa video. Hapa sheria yapungua nguvu, na ni vyema ulijue hilo mapema. Kifungu cha 51 kimeyaacha nje mambo ambayo mtu huyafanya kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani tu. Kiliwekwa kwa sababu nzuri. Bila hicho, kila bibi mwenye picha za wajukuu simuni angekuwa na kesi. Lakini mgeni wenu atakimbilia kujificha humo humo. Nionavyo mimi, mtu akishaitupa video TikTok, ambako yeyote duniani aweza kuitazama, hayo si mambo ya nyumbani tena, na hoja hiyo ningeisimamia mbele ya Kamishna bila wasiwasi. Nyuma yake kuna Katiba, Kifungu cha 31, kinachomlinda kila mtu asianikiwe mambo ya familia yake pasipo haja. Ila ujue ni hoja ya kupiganiwa. Ya mpambaji ni ya kuokota.

Wapo watakaokuhimiza uende polisi, na watakutajia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Ni kweli, sheria hiyo ina adhabu ya faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili, kwa anayesambaza picha za siri za mtu. Sasa kichwa wazi na mabega ni picha ya siri? Kwangu na kwako, ndiyo. Hakimu aliyelelewa kwingine itabidi afundishwe kwanza. Na kabla ya hakimu kuna dawati: video itaonyeshwa afisa, itaingia kwenye faili, itatazamwa na wanaume ambao hadi leo hawajaiona. Mlango huo usiufunge, lakini usiwe wa kwanza kuubisha.

Lililo mbele yenu ni kuiondoa. Mchagueni mmoja, mwanamke mwenye kichwa kilichotulia, awe ndiye mwenye kazi hii. Kabla hajaripoti chochote apige skrinshoti: jina la akaunti, tarehe, anwani ya video. Mwenye akaunti akishituka akafuta kabla ya hapo, ushahidi umekwenda naye. Kisha aripoti TikTok kwa upande wa faragha, si kwa upande wa uchi. Hili ni muhimu kuliko linavyosikika. Ukibonyeza "uchi", utajibiwa kwamba hakuna uchi, na kwa vipimo vyao kweli hakuna. Mashine zao zimefundishwa kuhesabu ngozi. Hazikufundishwa kuuliza chumbani alikuwamo nani.

Ikifika Facebook au Instagram, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni za Meta, kampuni yenye mitandao hiyo miwili, zina kipengele kinachowahusu wanawake wanaojisitiri: picha inayomwonyesha mwanamke bila hijabu yake, pasipo ridhaa yake, na ikamtia hatarini, yaweza kuondolewa. Lakini kipengele hicho hakitekelezwi mpaka kampuni ipewe maelezo ya ziada. Basi mpeni mtu wa upande wa pili maelezo, kwa maneno kamili: huyu huvaa hijabu, hafla ilikuwa ya wanawake, simu zilikatazwa, hakuridhia, na madhara yanayompata ni haya na haya.

WhatsApp ni bahari nyingine. Ujumbe umefungwa kati ya mtumaji na mpokeaji, kampuni haiuoni, kwa hivyo hapo kazi ni ya undugu. Mwambie dadako wa Muscat aufungue ule ujumbe, aangalie alama iliyo juu yake. Mshale mmoja ni kwamba umesambazwa lakini haujapita mikono mingi. Mishale miwili ni kwamba umeshapita hatua tano au zaidi tangu ulikoanzia. Kama ni mmoja, mna bahati: dadako amuulize aliyemtumia, yule amuulize aliyemtumia yeye, na kwa ukoo ulivyo, kwa simu tatu nne mtakuwa mmefika mahali. Aliyetuma karibuni bado anaweza kuufuta kwa wote, maana WhatsApp humpa mtumaji kama siku mbili na saa 12. Msimamizi wa kundi naye anao uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama wake.

Wapigieni wasimamizi mmoja mmoja, msiandike kundini. Nimeliona hili mpaka nimechoka: mtu mwenye nia njema aingia kundini na kulaani, "Mcheni Mungu, msiisambaze video ya binti wa fulani!" Na wale hamsini waliokuwa hawana habari waanza kuitafuta. Wewe pia usimtumie mtu kumuuliza "ndiyo hii?" Nami usinitumie. Maelezo yako yamenitosha.

Sikuahidi kwamba itafutika yote. Simu nyingi huipokea video, zikaiweka kwenye hazina ya picha zenyewe, na usiku mwenye simu amelala zikapeleka nakala mbali. Hiyo imekwenda. Lakini video ya namna hii hukimbia siku zake za mwanzo, kisha huchoka. Kila tawi mnalolikata wiki hii ni tawi ambalo halitazaa.

Kuhusu nani aliyeipiga: kabla hujamshuku jirani, hesabu simu ambazo hazikuingia kapuni. Mpambaji na msaidizi wake. Mpiga picha. Wanaohudumu chakula. Aliyekuwa akisimamia muziki. Wale ambao hatuwaiti wageni ndio tusiowaomba simu. Na ukimjua, usimwanike mtandaoni kama alivyomwanika mwanao. Utakuwa umempa kesi dhidi yako, na video yenyewe umeipa maisha mapya.

Mkwe wako si fani yangu, ila kimya cha mtu usikitafsiri. Aelezwe kwamba kazi imeanza na nani anafanya nini. Mara nyingi ndicho alichokuwa akingoja.

Sasa hao wa "dunia ndiyo hii".

Mimi nakumbuka kanda. Kanda ya kupamba ya shangazi yangu ilikaa kabatini, na ufunguo ulifungwa kwenye ncha ya leso ya bibi. Aliyetaka kuitazama alikuja akaketi, akanywa chai, akaangaliwa anavyotazama. Kuinakili kanda ya saa tatu kulitaka mashine mbili na saa tatu zako, na kama mashine mbili huna, kulitaka duka, na dukani walikuwamo wanaume. Kwa hivyo hofu ilikuwepo hata wakati ule. Bibi hakuwa na wasiwasi na kamera. Wasiwasi wake ulikuwa duka.

Kabla ya kanda, kulikuwa na nyumba. Nyumba ya mawe ya Lamu yaanza na daka, ambapo mgeni wa kiume huketi akazungumza asione kitu cha ndani. Ukipita hapo wapinda kona, ndipo ufike kiwandani, yaani uani, kisha misana, vile vyumba virefu vyembamba, na ndani kabisa ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, na wenyewe. Juu ya vichochoro palikuwa na wikio, daraja la kuunganisha ghorofa ya nyumba hii na ile, wanawake wakatembeleana bila kukanyaga njia. Bibi wa kiungwana aliyelazimika kushuka alitembea ndani ya shiraa, kama hema la kitambaa.

Hayo twapenda kuyasimulia kwa fahari. Hatusemi sana nani aliyeishika ile shiraa. Walikuwa watumwa, uso wazi juani. Faragha ya bibi ilikuwa kazi ya mikono ya mtu ambaye mwenyewe hakupewa faragha. Buibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, hata mjukuu wa yule aliyeshika shiraa akaweza kujibebea kivuli chake. Kwangu mimi hayo ni maendeleo ya kiteknolojia kama mengine, na ni kitambaa cheusi tu.

Kwa hivyo mtu akiniambia simu imeua utamaduni wetu, mimi humuuliza: zamani nani alikuwa akiilinda faragha? Haikujilinda hata siku moja. Kulikuwa na bawabu, kulikuwa na somo, yule mama wa kumfunda biharusi, kulikuwa na kijakazi, kulikuwa na bibi mwenye ufunguo. Ilikuwa kazi na ilikuwa na mwenyewe. Simu imeongeza milango, kila pochi ni mlango, na mabawabu hatukuongeza. Twamweka msichana wa miaka 15 mlangoni na kapu, twamwambia "chukua simu", kisha twaingia ndani kucheza.

Basi mpambe mwanao. Ukiacha, utakuwa umemwadhibu binti mmoja kwa kosa alilofanyiwa mwingine. Lakini ugawe kazi kama unavyogawa ya biriani.

Mwaka juzi nilikaa mlangoni mwenyewe, kwa mpwa wangu. Kapu nililikataa, maana simu 200 kwenye kapu moja ni vita wakati wa kutoka. Nilinunua bahasha za khaki na vibanio vya nguo, nikaviandika nambari jozi jozi: kibanio kimoja kwenye bahasha, cha pili kwenye pochi ya mgeni. Bi mkubwa mmoja alinikabidhi kitochi chake ambacho hakijui picha ni nini, kwa sababu hakutaka kupitwa na kibanio. Msichana mwingine alitoa simu yake kwa tabasamu, ya pili tukaikuta kwenye mkoba wa mtoto, chini ya nepi. Na yuko aliyekuwa na mama hospitalini, akanisihi. Huyo sikumnyang'anya. Nilibandika stika juu ya kamera zake, mbele na nyuma, ile aina ambayo ukiibandua huchanika, na kila nusu saa nikapita kuitazama. Watu hutii zaidi wanapoona kwamba aliyewekwa mlangoni ana akili ya kubagua dharura na ukaidi.

Wa kulipwa ndio wa kuandikiana nao. Mpambaji aandike kwamba picha hazitoki simuni mwake, na kama ataka tangazo, alipie au apunguze bei, na achague mikono yenye hina na piko, si uso. Mpiga picha ana maswali yake matatu. La kwanza, nani huhariri? Kina mama hulipa zaidi wapate mpiga picha mwanamke, kisha kazi yaenda kwa kijana wa kiume mwenye kompyuta mjini, naye hukaa na sura za wageni wote wiki nzima. La pili, kadi. Nunua memori kadi zako mwenyewe, mpe zitumike, na uondoke nazo usiku ule ule ukishapata nakala, kwa sababu kilichofutwa kwenye kadi chaweza kurudishwa mpaka kiandikwe juu yake kingine. Na kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi, zikaandika picha moja kote kuwili. Uliza zote mbili. La tatu, mkataba. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa yake, isipokuwa mmeandikiana vingine. Na hivyo "vingine" huandikwa pale chini kwa herufi ndogo, ukatia sahihi huku ukiwaza biriani. Hakimiliki ikiwa yako una silaha ya ziada: picha za mpiga picha wako zikitokea mahali, dai la hakimiliki kwa kampuni za mtandao mara nyingi husikizwa upesi kuliko kilio cha faragha. Yasikitisha, lakini ndivyo mitambo yao ilivyopangwa. Dai hilo usilitumie kwa video ya mgeni, hiyo si kazi uliyoagiza.

Wa kupiga laivu kwa ajili ya jamaa wa Muscat na Dubai, mimi huwaambia wasubiri. Apigiwe dada simu ya sauti asikie vigelegele, picha ataziona akija, ameketi kwenu.

Limebaki la ukumbi, na hili hakuna aliyewahi kuniuliza. Tazama juu, kwenye pembe za dari. Kumbi nyingi sasa zina kamera za ulinzi, na kamera hizo hazitoi simu mlangoni. Kwa mpwa wangu, meneja alinihakikishia kwa kiapo kwamba zimezimwa. Katikati ya ngoma nikaenda kutafuta maji, nikapita mlango ulio wazi karibu na jikoni. Mlinzi alikuwa ameketi, ana sahani ya pilau mapajani, mbele yake kioo kimegawanywa vyumba vinne, na kwenye kimojawapo biharusi wetu alikuwa akipanda jukwaani.